Mafundi wa Ukuta Mashuani

Usiku wa jana niliota nimekaa ndani ya mashua yangu ndogo, Tausi, na mafundi wawili wananijengea ukuta humo humo.

Nawauliza nani kawaita.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," anajibu mkubwa wao. "Ufa umekushinda. Sisi ndio wajenzi." Mwenzake anachanganya saruji kwenye kopo langu la kukumbia maji.

Mwezi mzima nimeshindilia pamba mbele ya mashua, panapotuama maji, na kila asubuhi nayakuta palepale. Na kukikucha tu nampeleka mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, kijijini Kipumbwi, akamwoneshe dada yake binti yetu mchanga, Nasra. Miaka yote amekataa kupanda Tausi. Buibui lake likilowa leo, hapandi tena, na mimi nitaisikia habari hiyo mpaka nizikwe.

"Nipeni nafasi kidogo, mafundi."

"Tofali la kwanza tumeshaliweka," wananiambia.

Nakausha mashua yote kwa kanga, kisha nainyunyizia poda ya Nasra kutoka mbele hadi nyuma. Tausi anapiga chafya. Tunajikuta sebuleni kwetu, mashua juu ya zulia.

"Hodi," bahari inaita mlangoni.

"Karibu," najibu, maana nimelelewa.

Inaingia tone moja moja, na kila tone linaacha nyayo kwenye poda. Nazifuata. Hazianzii mbele hata kidogo! Zinaanzia nyuma, kwenye tundu la bolti ya usukani, zinateremka kwa kujiiba kando ya taruma, ule ubavu wa mashua, mpaka mbele. Huko zinatulia kama zimezaliwa hapo.

"Umeziba ninapokaa," linasema tone moja, "hukuziba ninapoingia."

Nafungua bolti, naizungushia pamba yenye mafuta, nakaza nati mpaka mkono unauma. Nyayo zinakoma.

"Ahsante," anasema Tausi. "Mwezi mzima nalala na soksi mbichi."

Bahari inaaga na kufunga mlango taratibu. Nafurahi mno, namkumbatia fundi mkubwa na saruji yake yote.

"Kazi imekufa," anasema kwa huzuni, akikusanya vyombo. "Lile tofali tunakuachia."

"Baba Nasra! Amka!" Ni mke wangu, Mwanaidi, kasimama mlangoni na kopo la poda tupu. "Mama katutangulia, keshapanda mashua. Anasema ndani pakavu kuliko jikoni kwangu."

Nikaruka kitandani kwa furaha.

"Anakushukuru na kwa kiti cha tofali ulichomwekea nyuma. Ila saruji yake ilikuwa bado mbichi." Akashindwa kujizuia, akacheka. "Anasema twende tu. Hata akitaka kushuka, buibui halibanduki."