Kanzu Iliyokatwa Nyuma

Mauza alikuwa akishindilia sufi kwenye mguu wa mwanasesere wa kumi na moja, kidogo kidogo, kwa mpini wa mwiko uliovunjika, mdogo wake Muhannad alipoingia bila hodi.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Funga mlango, sufi inaruka.”

Muhannad alikuwa mtu mzima sasa, mwenye ndevu na duka la vitambaa Mtaa wa Msimbazi. Lakini katika chumba hiki cha ghorofani, Gerezani, bado alikuwa na miaka saba, tena mara kumi na moja. Wanasesere wote wa Mauza walikuwa yeye: huyu pengo, yule kiatu kimoja. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa siri, na ndani ya mfuko ushahidi wa kosa lake: kokwa ya tende, kibanio cha nguo, kifungo cha shati la mwalimu. Watoto wa Kariakoo waliwagombea. Severa, mwenye meza ya vitu vya watoto, alikuwa ameagiza kumi na wawili, na angewafuata kesho asubuhi.

Muhannad aliweka mezani kipande cha kitambaa cha kijani.

“Pazia la sebuleni kwangu hilo. Amira kalikata leo. Namuuliza, wewe mtoto una wazimu? Ananijibu, ‘Hata wewe ulimkata babu kanzu. Shangazi kanionyesha.’”

Mauza aling’ata uzi ili asicheke. Mwanasesere wa kanzu ndiye aliyependwa kuliko wote, na kisa chake ukoo mzima ulikijua. Asubuhi ya Idi, zaidi ya miaka thelathini nyuma, marehemu baba yao alivaa kanzu mpya akaenda kuswali. Mbele ilikuwa kanzu. Nyuma ilikuwa dirisha. Aliposujudu, safu nzima ikaiona bukta yake ya mistari. Kipande kilichokatwa kikakutwa chini ya mto wa Muhannad. Sikukuu yake ikaishia kwenye bakora.

“Mtoe huyo,” alisema Muhannad.

“Ndiye anayetoka haraka, Muha.”

“Basi mtaje aliyekata.”

Mauza alishindilia sufi mpaka mguu ukavimba kama andazi. “Si tulimalizana? Miezi mitatu ulikula mkate wangu wa kumimina.”

“Ule ulikuwa wa kumnyamazia Baba. Huyu ni mwanangu.”

“Na Mama je? Mpaka leo anawaambia watu Mauza wake hajawahi kumsumbua hata siku moja.”

“Basi jiandae. Anapanda ngazi.”

Kweli, ndara za Bi Huda zilikuwa zikija, pwata, pwata. Aliingia na birika la kahawa mkono mmoja, na Amira, mwenye miaka minane, mkono wa pili. Alimwokota mwanasesere wa kanzu, akamgeuza nyuma, akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

“Muhannad huyu, loh! Alitutia aibu mji mzima.”

Amira akainua kidevu. “Umemsikia bibi, baba?”

Muhannad alimtazama dada yake. Mauza angeweza kunyamaza tena, mdomo ulikwishazoea. Aliuweka chini mguu wa mwanasesere.

“Si yeye, Mama. Nilikata mimi. Nilitaka gauni la mwanasesere wangu. Kilichobaki nikakisukumiza chini ya mto wake.”

Bi Huda akamimina kahawa, akaionja.

“Najua. Hata baba yenu alijua jioni ile ile. Kitambaa kimenyooka kama kimepigiwa rula! Tangu lini Muhannad akakata kitu kikanyooka? Mpaka leo wateja wanamrudishia.”

“Mama!”

“Sasa mbona nilichapwa mimi?” Muhannad aliuliza.

“Kuku wa jirani kwenye kabati la vyombo aliwafungia nani?”

Muhannad akashika ndevu.

“Na mimi,” Mauza aliuliza polepole, “mbona hukunigusa?”

“Nilikuwa nangoja useme. Kila nikikusifia mbele ya watu nasema, leo atasema. Umechelewa kidogo, mwanangu.”

Amira ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka vibaya. “Kumbe shangazi!”

“Huyo wa kumi na mbili awe wa kike,” Muhannad aliamua. “Misuko miwili, macho ya malaika, mkasi mkononi.”

“Gauni lake pazia langu,” akadakia Amira.

“Pazia lako?” alisema Bi Huda. “Haya, mshikie shangazi yako kitambaa. Ujifunze kunyoosha.”

Mauza alilitandaza pazia, akakata, kukanyooka. Akashona kiwiliwili, akajaza mguu mmoja, na hapo sufi ikaisha. Adhana ya magharibi ikaita.

“Shangazi, hana uso,” alilalamika Amira.

“Kesho.”

“Na Severa je?” aliuliza Muhannad.

“Atakunywa chai, asubiri.”

Mauza alichomeka sindano begani mwa yule msichana mwenye mguu mmoja mnene na mwingine mtupu, akafunika cherehani kwa kanga. Kisha akaanza kuutafuta mkasi wake. Haukuwapo mezani.

“Amira,” alisema Bi Huda, bila kugeuka, “tuonyeshe mikono.”