Chumba Kisichotaka Wimbo

Chumba chetu cha kwanza kilikuwa na kuta za nailoni. Mapazia mazito yanayopitisha mwanga yalining'inia kutoka kwenye fremu ya chuma hadi karibu na sakafu. Juu yake feni tatu zilisukuma chini hewa iliyochujwa, nayo ikatokea kwenye upenyo miguuni petu na kuondoka na vumbi. Mtu akipita nje kwa haraka, kuta zilijaa na kunywea kama mbavu za mtu aliyelala. Chumba chenyewe kilisimama ndani ya ghala la zamani la mahindi, kando ya barabara ya kwenda Khayega, chini ya mabati matupu. Mvua ya saa nane ikianza kupiga mabati hayo, hukusikia kingine ila mvua, na Senje Selpher akiimba ili aishinde.

Wakati huo tulikuwa tunajaza dawa ya macho ya ng'ombe. Vichupa vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono.

Senje ni shangazi, dada ya baba, ingawa Selpher hakuwa ndugu ya yeyote kiwandani. Tulimwita hivyo kwa sababu alitufundisha kazi na kutukaripia kama watoto wa kaka yake. Mimi nilimkuta pale nilipotoka chuoni Sigalagala na diploma ya maabara na mdomo mrefu. Siku ya kwanza nilijaza chupa arobaini kwa muda aliojaza yeye ishirini, kisha nikamgeukia nione atasema nini.

"Nani anakufukuza?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, Senje."

"Basi mbona mkono wako unakimbia? Hii hewa imelala. Ukiiamsha, itaamka na uchafu wake."

Kisha akaimba, na mimi nikatazama. Ulikuwa wimbo wa Kiisukha ambao mama yake aliuimba akipepeta wimbi. Mimi ni mtoto wa Lugari, kwetu ni kwenye yale mashamba yaliyokuwa ya walowezi, na nusu ya maneno yake yalinipita. Lakini mikono niliielewa. Mstari wa kwanza, koleo dogo linainua kizibo. Mstari wa pili, dawa inaingia. Halafu sauti moja ndefu, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na ndani ya sauti hiyo mkono wake ulirudi nyuma polepole bila kupita juu ya chupa iliyo wazi. Ubeti mmoja, chupa moja. Hakuwa na saa, wala hakuihitaji.

Katika kila ubeti palikuwa na jina la ndege. Senje alimtoa ndege na kututia sisi. Wanjala, fundi wetu wa mitambo ya hewa, aliponunua miwani ya jua katikati ya masika, alikaa ndani ya wimbo juma zima akigonga nguzo na kuziomba msamaha. Alisimama nje ya nailoni akilalamika.

"Senje, mimi nitakushtaki kwa chifu!"

"Nenda. Lakini vua miwani kwanza, usije ukamshtakia ng'ombe wake."

Tulicheka hadi barakoa zikalowa, na nailoni yote ikatikisika. Siku hizi nikikumbuka ujana wangu kazini, ni hiyo nailoni inayonijia.

Mwaka jana mkurugenzi aliamua tutengeneze dawa ya macho ya watu. Wakaguzi walikuja, wakaishika nailoni yetu kwa vidole viwili, wakaiachilia. Dawa ya watu, walisema, inataka kuta ngumu.

Tukajengewa. Mabamba meupe ya chuma, yamebanwa na viungo vyake vikazibwa hata wembe usipite. Pembe zilikuwa za mviringo ili vumbi likose pa kukaa. Palikuwa na milango miwili iliyokataa kufunguka kwa pamoja, na dirisha refu la kioo, lisilofunguka, la kutazamia kutoka ujiani. Ukutani waliweka mashine ya kuhesabu vumbi. Ilivuta hewa kidogo kila dakika na kutoa namba, na namba zikipita kiasi iliwasha taa nyekundu na kulia.

Kilikuwa chumba kizuri, sitasema uongo. Lakini hakikuingiza mvua masikioni. Siku moja nilitoka saa tisa na kukuta uwanja umejaa maji hadi kizingitini, na sikuwa nimejua hata kama kuna wingu.

Juma la kwanza mashine ililia kila siku. Wanjala alipanda juu ya dari siku tatu, akabadilisha vichujio, akavipaka viungo gundi upya.

"Hiki chumba kimekazwa kuliko mfuko wa mkwe wangu," alisema akishuka ngazi. "Kama kuna vumbi, haliingii. Liko ndani na nyinyi."

Madam Chepng'etich, msimamizi wa ubora aliyekuja kwetu kutoka Eldoret, aliniita ofisini. "Beldina, haya umeyasomea. Nitafutie chanzo."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Nilizichapisha namba za mashine, nikakaa dirishani na saa mkononi. Mistari kwenye karatasi ilipanda na kushuka kama vilima vya Shinyalu. Siku ya pili nikaona. Kila kilele kilifika mkono wa Senje ukirudi nyuma, yaani wakati akivuta ile sauti yake ndefu. Barakoa haizuii yote, na mtu anayeimba hutoa chembe nyingi kuliko anayenyamaza. Kadiri anavyopaza ndivyo zinavyozidi. Niliandika kurasa nne zenye michoro. Jina lake sikulitaja. Niliandika "mhudumu namba moja", kana kwamba mtu angejiuliza ni nani.

Chepng'etich alimwita Senje, akamwambia kwa heshima kabisa kwamba ndani ya chumba hakuna tena kuimba wala kuongea, ila kwa dharura.

"Sawa, madam," Senje alisema, akarudi kazini.

Kabla ya kuruhusiwa kugusa dawa ya watu, kila mjazaji alipaswa kupita mtihani. Unajaza chupa mia tatu, lakini badala ya dawa unatia maji ya lishe ambayo vijidudu huyapenda. Rangi yake ni ya strungi, chai isiyo na maziwa. Chupa hukaa mahali pa joto siku kumi na nne. Kijidudu kimoja kikiponyoka na kuingia, maji huchafuka kama strungi iliyodondoshewa maziwa. Chupa moja tu ikichafuka, umeanguka. Ukianguka mara mbili, hutarudi tena chumbani.

Mimi nilipita. Senje, aliyenifundisha, alianguka kwa chupa mbili.

Nilikuwa nimeketi kando yake siku ile, kwa hiyo sikushangaa. Bila wimbo mikono yake ilipotea. Ilisita, ikaona imechelewa, ikakimbia. Mara moja koleo liligonga mdomo wa chupa, na mara nyingi mkono ulipita palepale aliponikataza mimi. Alijua. Kila ulipopita alifumba macho kidogo.

"Ana mtihani wa pili mwezi ujao," Chepng'etich aliniambia. "Akianguka, nitampeleka kwenye lebo. Sipendi, Beldina. Lakini haya ni macho ya watu."

Kwenye lebo ni jengo la nyuma, ambako vibarua hubandika karatasi kwenye maboksi. Mwanamke aliyejaza chupa ya kwanza ya kiwanda hiki angekwenda kulamba gundi, na ni mimi niliyekuwa nimechora ramani ya njia.

Jumapili nilipanda pikipiki hadi kwake Shinyalu. Nilimkuta jikoni. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alinisogezea kigoda na kuongeza unga kwenye sufuria ya obusuma, yaani ugali.

"Senje, ile ripoti niliiandika mimi."

"Najua. Nani mwingine angeandika kurasa nne juu ya mdomo wangu?" Alimgeuza ingokho kwenye mchuzi. "Ulichoandika kilikuwa kweli?"

"Kilikuwa kweli."

"Basi kula. Kuku hajui ripoti."

Nilikula. Nilipomaliza kunawa nikamwambia, "Nifundishe wimbo wako."

"Wa nini? Si mmeufukuza?"

"Tumeufukuza ndani. Mimi nitauimba nje, ujiani, mbele ya kioo. Sauti haitapita, lakini utaniona mdomo na mabega. Hakuna utaratibu unaokataza mtu kucheza ujiani. Nimezisoma taratibu zote."

Alicheka hadi akashika nguzo ya jiko. "Mtoto wa Lugari acheze mabega! Watu walipe kuona."

Lakini alitoka nje, akaweka ungo wa maharage mapajani, na tukaanza. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu ya pili. Miaka minne nilikuwa nimeusikia wimbo ule kila siku ya kazi, na nilichokuwa nacho kichwani ni vichekesho tu. Miwani ya Wanjala niliijua. Maneno yaliyoibeba sikuyajua.

"Hapo panda. Wacha, umeshuka. Tena."

Nikarudia.

"Unaimbanga kama pikipiki inayokataa kuwaka. Tena."

Niliimba, na yeye akainua punje moja ya maharage, akaishusha, akarudisha mkono. Nikikosea, mkono ulisimama hewani ukiningojea. Katikati ya kurudiarudia aliniambia habari za mama yake. Alikuwa mfupi sana, ungo ukimfunika kifua, na Selpher mdogo alishikilia upande wa pili ili usimlemee. Mama aliimba mstari, mtoto akajibu, makapi yakaruka kati yao. Mama alipokufa, Selpher alikuta hawezi kujibu kwa kuwa hakuna anayeuliza. Akajifunza kuimba pande zote mbili. Alianza kuimba ndani ya nailoni, alisema, kwa sababu zile feni zilisikika kama wimbi likimiminika kwenye ungo.

Hilo halikuwa kwenye ripoti yangu.

Tuliendelea hadi ng'ombe wa jirani walipoanza kurudi. Sauti ilikuwa imenikauka, na bado mstari wa tatu ulinishinda.

Siku ya mtihani nilisimama ujiani tangu saa mbili. Ndani, Senje alikaa mbele ya meza ya hewa safi, ubavu wake ukielekea kioo, amefunikwa mwili mzima, macho tu yakionekana. Nilipoanza kuimba nilijiona mjinga. Nilipofika chupa ya ishirini nilikuwa nimesahau ujinga. Wanjala alikuja na mtungi mtupu wa maji, akauweka kati ya magoti na kuanza kuupiga.

"Ni nini hii?" Chepng'etich alikuwa nyuma yetu na faili mkononi.

"Utaratibu unakataza kuimba chumbani, madam," nilisema kati ya mistari, mabega yakiendelea. "Sisi tuko nje."

Alitazama ndani. Taa ya mashine ilikuwa kijani. Mkono wa Senje uliinua, ukatia, ukarudi nyuma taratibu, kichwa chake kikitikisika kidogo sana. Chepng'etich alisimama pale muda wa chupa saba au nane. Nilingoja atufukuze.

"Wanjala," alisema mwishowe, "unatangulia mdundo." Akaenda zake.

Chupa ya mia tatu ilipozibwa, sauti yangu ilikuwa imeisha na Wanjala alikuwa na malengelenge.

Siku kumi na nne si nyingi, lakini jaribu kuzipita na mtu anayekusalimu kila asubuhi bila kuuliza unachowaza. Senje alifagia, akakunja ovaroli, akawaonyesha wajazaji wapya jinsi ya kuvaa glavu. Hakugusa chupa. Siku ya kumi na nne Chepng'etich alizitoa trei mezani, akawasha taa kali, akaziinua chupa mojamoja. Alizungusha kila moja. Senje alisimama na mikono nyuma kama mtu aliye mbele ya baraza. Mia moja, safi. Mia mbili, safi. Kwenye ya mia mbili na arobaini Chepng'etich alisita, akaileta karibu na jicho, akafuta kioo kwa kitambaa. Ilikuwa alama ya kidole chake mwenyewe. Safi.

Ya mia tatu ilipowekwa chini, strungi yake ikiwa angavu kama zote, Chepng'etich aliandika jina kamili la Senje kwenye fomu, akapiga sahihi, na kumpa mkono. "Jumatatu tunaanza na dawa yenyewe, Mama Selpher. Kiti cha kwanza ni chako."

Senje alijibu, "Asante, madam," akatoka hadi ujiani ndipo akaegemea ukuta ule mgumu na kuvuta pumzi.

Nilimfuata nikiwa nimevimba kichwa. "Umeona, Senje? Mabega ya Lugari yamekuokoa."

"Mabega gani?"

"Mabega yangu! Niliyocheza asubuhi nzima pale kiooni, Wanjala akipiga mtungi!"

"Ulikuwa unacheza?" Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, sikuinua macho hata mara moja. Ningekutazama wewe, ningemwaga kila kitu."

Nyuma yetu Wanjala alikitazama kiganja chake chenye alama za malengelenge.

"Kwa hivyo uliwezaje?"

"Ile Jumapili ulinitesa masikio kutwa nzima," alisema. "Tangu siku hiyo nikishika koleo nasikia sauti yako ikikosea mstari wa tatu. Inanibidi ningoje umalize, nikurekebishe kimoyomoyo, ndio niende chupa ingine. Hapo mkono hauwezi kukimbia."

"Basi niliimba vibaya namna hiyo?"

"Vibaya sana. Mama angekunyang'anya ungo." Alikuwa ameanza kulia, akajipangusa kwa mkono wa ovaroli, jambo alilotukataza sote. "Jumapili uje tena. Na huyu wa mtungi abaki kwao."