Honoria Mwingine

Jumapili ya Makaburi hapo kijijini Kilvarna haina mtu wa kukosa. Hata wale ambao Misa huisikia kwa jirani tu, siku hiyo hunyoa ndevu, huvaa koti, wakaenda kusimama kando ya kaburi la kwao ili padri apite akinyunyiza maji ya baraka. Kaburi lisilo na mtu wa kulisimamia ni fedheha, na watu wa Kilvarna wana macho ya kuyahesabu makaburi ya namna hiyo. Mwaka huu alikuwepo mtu mmoja aliyeomba mvua inyeshe, daraja libomoke, padri apatwe na mafua, lolote lile. Mtu huyo alikuwa Attracta Devaney.

Attracta alifanya kazi posta miaka thelathini na minne. Alipostaafu, na posta yenyewe ikafungwa, alinunua kompyuta akaanza kuwatafutia watu asili zao. Siku hizi rekodi zote zimo mtandaoni: sensa ya 1901, sensa ya 1911, vitabu vya ubatizo, rejista za ndoa na vifo. Walimwandikia kutoka Boston na Toronto, naye akawapa mababu zao hadi nambari ya nyumba. Gazeti la kaunti likamtoa picha akiwa na miwani yake usoni. Kichwa kikamvimba kidogo. Tuseme kweli, kilimvimba sana.

Ndipo akaandika Lorna Whitlock kutoka Ballarat, Australia. Bibi yake Lorna, Delia Gilmartin, aliondoka Kilvarna mwaka 1927 akiwa msichana, na maisha yake yote alimsimulia binti yake habari za mama aliyemwacha kaburini huku. Mama huyo aliitwa Honoria. Je, alizikwa wapi? Attracta aliandika jina, akabofya, akampata: Honoria Gilmartin, mjane wa Thomas, amefariki 1924. Kitabu cha makaburi kikamwonyesha mahali penyewe. Kazi ya nusu saa. Akajipongeza kwa chai na kipande cha keki.

Majira ya baridi aliisimulia kazi hiyo kwenye ukumbi wa parokia, watu wamejaa. Bartley Feeney, mzee wa miaka themanini na ushei mwenye ng'ombe wake sita, akainua mkono.

"Attracta, dada yangu, umekosea mtu. Delia alikuwa wa Gilmartin Wekundu. Huyo wako ni wa Gilmartin wa Kisimani."

Akina Gilmartin zamani walikuwa wengi kuliko majina yaliyokuwepo ya kuwapa, kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na lakabu yake. Lakabu hizo kila mtu alizijua, ila hapakuwa na karani wa serikali aliyewahi kuziandika.

"Bartley mpenzi," akasema Attracta, "kompyuta haijui wekundu wala weupe. Inajua tarehe. Wewe una karatasi gani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bartley akaivaa kofia yake, akaketi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini usiku ule guu la Attracta lilikuwa zima bado, na alilitembeza kwa madaha mpaka nyumbani.

Lorna akaagiza jiwe. Likaja jiwe zuri la kijivu, limechongwa: Honoria Gilmartin, mama mpenzi wa Delia.

Mwezi wa Machi, akimtafutia mtu mwingine habari zake, Attracta alifungua ukurasa wa vifo vya 1926. Hapo akamwona Honoria Gilmartin wa pili, mjane wa Thomas mwingine, fundi viatu. Chini yake karani ameandika jina la aliyeleta taarifa: Delia, binti wa marehemu, aliyekuwepo wakati wa kufa. Akarudi haraka kwa Honoria wake wa mwanzo, kwenye mstari ambao siku ile hakujisumbua kuusoma. Taarifa ya kifo kile ililetwa na Nora, binti. Nora Gilmartin aliolewa na Feeney. Nora ndiye aliyemzaa Bartley.

Basi jiwe la mgeni lilikuwa limesimikwa juu ya bibi yake Bartley, na tangu lisimikwe Bartley alikuwa hajasema neno.

Mara tatu Attracta alimwandikia Lorna, mara tatu akafuta. Kila alipofika kwenye neno "nilikosea", alikisikia kicheko cha ukumbini, akafunga kompyuta. Akajiambia atasema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita. Akajiambia, nani ataumia? Mfu hasomi. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini Attracta hakutaka kuzaa; alitaka tu watu wasimwone uchi. Aliona haya hata kupita njia ya kwa Bartley, akawa anazunguka kwa nyuma ya shule kwenda kununua maziwa.

Na sasa Jumapili ilikuwa imefika, na Lorna naye amefika, mwanamke wa miaka sitini na mitano, mpole, mwenye viatu vipya visivyofaa kwa matope. Alimkumbatia Attracta langoni kwa nguvu, mbele ya watu.

"Wewe ni ndugu yangu sasa," akasema. "Usibishe."

Walipofika kwenye jiwe, Lorna akatoa mkobani kopo dogo la bati.

"Nimemleta mama," akasema. "Alifariki Mei. Aliniomba jambo moja tu, alale na bibi yake. Padri akishapita nitammwaga hapa. Sehemu tu ya majivu yake, mengine nimemwachia baba."

Attracta alilitazama kopo. Barua ni barua, hufutwa ikaandikwa upya. Majivu yakishaingia ardhini, nani atayazoa?

Bartley alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, kofia mkononi. Miaka yote alikuwa akisimama hapohapo kichwani pa kaburi hili. Attracta alilikumbuka hilo sasa, baada ya kumwona mzee amesogea kumpisha mgeni.

Lorna akageuka, akamtabasamia. "Na wewe, mzee wangu, una nani hapa?"

Bartley akalitazama jiwe. Kisha akamtazama Attracta, kwa muda mfupi tu.

"Sina shughuli, mama," akasema. "Nimejibanza hapa kwa sababu ya upepo."

Padri akafika, akanyunyiza, matone yakaanguka juu ya jiwe na juu ya viatu vipya vya Lorna, naye akasogea kwenye kaburi la akina Healy. Lorna akapiga magoti kwenye majani. Akaanza kufungua kopo, nalo likawa gumu, akacheka kidogo huku machozi yakimtoka.

Bartley akasogea sikioni pa Attracta.

"Mwache," akanong'ona. "Bibi hakuwa mchoyo wa nafasi."

Angemtukana, Attracta angenyamaza. Matusi angeyavumilia, hata angeyaona ni haki yake na yamekwisha. Lakini mzee huyu alikuwa anampa kaburi la bibi yake ajifunikie aibu, na hilo lilimchoma kuliko kicheko cha kumbi zote za dunia.

"Lorna, ngoja," akasema. "Usimwage."

Kifuniko kilikuwa kimeshafunguka. Lorna akainua uso. "Kuna nini? Padri hajamaliza?"

"Si hapa. Si huyu." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na kwa akina Healy sala ikapungua. "Bibi wa mama yako hayupo humu. Walikuwa Honoria wawili, nami nikamchukua wa kwanza niliyemwona. Huyu ni bibi yake Bartley. Wako yuko kule kona ya kaskazini, hana jiwe."

Lorna akalitazama kopo, akakirudisha kifuniko taratibu, akakikaza kwa viganja viwili.

"Umejua leo?"

Hapa Attracta angeweza kusema leo. Neno lilikuwa mdomoni tayari.

"Tangu Machi," akasema.

"Machi mama alikuwa hai," Lorna akasema. "Kila siku alitaka nimsomee barua zako."

Attracta alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi ya pale ilikuwa na wenyewe.

Lorna akainuka bila kuushika mkono alionyoshewa. Akamgeukia Bartley.

"Mzee, unapajua mahali penyewe?"

"Napajua. Kuna magugu yanayowasha, lakini tutayakanyaga."

"Nipeleke wewe."

Attracta akapiga hatua kuwafuata. Lorna hakugeuka. "Wewe baki," akasema, na Attracta akabaki.

Watu walianza kutoka, makundi kwa makundi. Wakimpita walimsalimia kama ilivyo desturi, kwamba angalau mvua haikunyesha, naye akajibu kweli, haikunyesha. Mwishowe akaja Concepta Healy mwenye duka, akasimama karibu naye akifunga vifungo vya koti.

"Afadhali umesema," akasema Concepta. "Tulishachoka kunyamaza."

Attracta akamkodolea macho. "Mlikuwa mnajua?"

"Kilvarna hii? Tangu siku jiwe liliposhushwa kwenye lori."

"Sasa mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia?"

"Tulitaka kuja," Concepta akasema. "Bartley akapita nyumba kwa nyumba kutuomba tusije. Alisema utaona haya."