Chemchemi Isiyokuwepo

Nyumbani walimwita Kwato. Dada yake ndiye aliyembandika jina hilo, siku aliyomwona akichomoa msumari kisiginoni bila hata kukunja uso. Kazi yake ilikuwa kutembea na kuandika. Alibeba shanta la kilo kumi na nane, akapotelea milimani wiki tatu au nne, kisha akarudi chumbani kwake, akaanika hema dirishani na kuandikia jarida lolote litakalomkubali. Mwajiri hakuwa naye.

Mwaka huo alitembea siku thelathini na moja peke yake, akaimaliza safu nzima ya milima. Siku ya kumi na tisa mvua ya mawe ilimfungia hemani. Akaivaa kofia ya marehemu baba yake, akalia mpaka pua zikaziba. Yote hayo aliyaandika na kuyapeleka kwa Mhariri wa jarida kubwa la safari. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: "Haitufai kwa sasa."

Miezi miwili baadaye, akisukwa nywele saluni, alifungua jarida lile akakutana na safari yake mwenyewe. Juu picha ya Mhariri, chini jina la Mhariri. Mvua ya mawe ilikuwemo. Kofia nayo ilikuwemo: "kofia ya marehemu baba yangu." Na baba wa Mhariri Kwato alimjua kwa sura; mzee mwenye kitambi, mzima kabisa, kila Ijumaa alimpitia mwanawe ofisini wakale mchana pamoja.

Aliondoka saluni nywele nusu zimesukwa, akaenda moja kwa moja ofisini. Mhariri hakujisumbua kuinuka.

"Dada yangu, milima haina mwenyewe," alisema. "Ushahidi unao?"

"Umemuua baba yako ili upate kofia ya baba yangu."

"Nina kikao," Mhariri akasema, akaegemea kiti kumsubiri atoke.

Dada yake alimshauri atafute wakili. Kwato hakutaka wakili. Alitaka kumwona yule bwana amesimama mbele za watu, koo limemkauka, hana neno la kusema. Wazo hilo lilimpa usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata kwa wiki nyingi.

Akaketi akaandika makala ya pili, safari hii kwa jina la kubuni. Ilihusu upande mkavu wa milima, ambako mtu hutembea siku mbili asione tone. Katikati ya ukame huo akapachika chemchemi: chini ya mwamba mweusi uliopasuka, maji baridi hata meno yanauma. Akaituma. "Haitufai kwa sasa," akajibiwa. Kwato alicheka peke yake jikoni mpaka dada yake akaja kuchungulia.

Haikupita muda, makala ikatoka kwa jina la Mhariri. Tangazo la safari nalo likafuata, kama Kwato alivyotarajia, maana mara mbili kwa mwaka jarida lilitembeza wasomaji wake: wasomaji kumi na wawili wangeongozwa kwenye njia hiyo na mwandishi mwenyewe.

Kwato aliwatangulia kwa siku mbili. Hakuwa na ugomvi na wale kumi na wawili, hivyo alipanda mara tatu kutoka kwenye mto uliojificha bondeni, nje ya njia, kila mara na lita ishirini mgongoni, akaficha madumu nyuma ya mwamba. Kisha akaketi kivulini kusubiri.

Walifika saa saba mchana, midomo imewapauka. Mhariri alikuwa mbele na fimbo yake mpya. Alipita na kurudi mbele ya mwamba mara moja, mara ya pili, akapiga magoti na kukwangua vumbi kwa kucha. Kwato alimtazama kupitia ufa, na kila alipokwangua yeye alisikia utamu kifuani.

"Yako wapi maji?" aliuliza nesi mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa amemshika mumewe mkono.

"Nadhani yamekauka."

"Mwezi uliopita uliandika yalikuuma meno."

Kwato akajitokeza. Mhariri alipomwona, fimbo ilimdondoka.

"Waambie," Kwato alisema. "Waambie uliyanywa lini."

Watu wote wakamgeukia Mhariri. Jua lilikuwa utosini.

"Sijawahi kufika hapa," hatimaye alisema, kwa sauti ndogo.

"Na kule kwenye mvua ya mawe?"

"Wala kule."

"Na baba yako?"

"Yupo. Yuko nyumbani."

Hapo Kwato akayatoa madumu. Watu walikunywa. Nesi alimnywesha mumewe kwanza, akanywa mwenyewe, akafuta mdomo, kisha akamwendea Kwato na kumzaba kibao.

"Huyu bwana nimemwelewa, ni mwizi," alisema. "Wewe mwanangu ulitutazama tukihangaika na kiu. Na walionunua jarida wakaja wenyewe, bila wewe kuwasubiri hapa na madumu, je?"

Hilo halikuwahi kumpitia Kwato akilini.

Mhariri alifukuzwa kazi kabla ya wiki kuisha. Wale kumi na wawili walihakikisha. Jarida likachapa masahihisho, lakini Kwato hakuamini kuwa yatamfikia kila mtu. Alirudi kwenye mwamba na kopo la rangi nyeupe, akaandika HAPANA MAJI kwa herufi za urefu wa mkono, akapiga hema hapo kwa wiki saba. Watu watano walifika. Wote aliwapa maji, na wote aliwaeleza ni nani aliyeitunga chemchemi. Mmoja alimtukana. Alikubali tusi lile akamjazia chupa.

Dada yake alipompelekea unga na betri, alimuuliza kama anajuta.

"Kwa hawa, najuta," Kwato alisema, akikaza kamba ya hema. "Kwa yule, hata kidogo. Ningeweza ningemrudisha hapa kesho akwangue tena."