Dume wa Miaka Tisa

Mume wangu ni fundi friji, na kama mafundi friji wengi, anaamini hakuna kitu duniani kisichoweza kufunguliwa kikatazamwa ndani. Isipokuwa yeye mwenyewe. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa bila mtoto, mimi nimepigwa picha za tumbo, nimezibuliwa mirija isiyoziba, nimekunywa majani machungu hadi ulimi ukafa ganzi. Yeye kila nikimwambia twende wote anajibu, "Mimi mzima." Na sasa mama mkwe alikuwa ametoa muda: mwaka ukiisha tumbo tupu, mwanawe anaoa mwingine. Alinitajia hadi mchumba, binti muuza vitambaa, mwenye nyonga ambazo mama mkwe alizisifu kama yeye ndiye atakayezioa.

Katikati ya balaa hilo mume wangu akapatwa na wazimu wa mbwa. Tuna majike wawili wa ulinzi, akaamua tuzalishe. Askari mmoja mstaafu alikuwa anauza mbwa dume wa miaka tisa, maarufu mtaa mzima. Jumamosi asubuhi tukaenda kumtazama: mume, mimi, na mama mkwe, maana katika ukoo ule hata sufuria hainunuliwi mpaka yeye aitafutie kasoro. Daktari wa mifugo, mwanamke mfupi wa maneno ya mkato, alitukuta huko na pikipiki yake.

Dume alikuwa amelala barazani, mdomo umejaa mvi, hana habari na sisi.

"Huyu amejaza mji huu watoto," mstaafu akasema.

"Aliujaza lini?" mume wangu akauliza.

Lazima niseme ukweli, nilimwonea fahari. Hakubabaishwa na sifa. Aliuliza mara ya mwisho dume alizalisha lini, na jike gani, na watoto wangapi waliishi. Akampandisha ngazi na kumshusha kuona kama nyonga zinamuuma. Akamfungua mdomo, akahesabu meno yaliyobaki. Akauliza kama amewahi kupimwa ule ugonjwa unaofanya majike waharibu mimba. Mstaafu alijibu kwa kujikunakuna, mpaka ikamtoka kwamba mwaka uliopita walipandwa majike watatu, na hakuna hata mmoja aliyeshika.

"Majike wa siku hizi hawafai," akamalizia.

"Tupime mbegu," mume wangu akasema.

Sitaeleza daktari alizipataje. Itoshe kusema mama mkwe aligeuza uso kwa aibu, kisha akaurudisha haraka asipitwe. Daktari akaweka hadubini yake kwenye meza ya barazani, akainama, akachungulia.

"Maji matupu," akasema. "Chache zilizopo hazitembei. Umri huo."

Mstaafu akawaka. "Dume wangu mzima. Anapanda kama kijana, muulize yeyote. Kosa ni la majike."

Mume wangu akacheka, akamshika bega kwa upole wa mtu anayejua. "Mzee, kupanda si kuzalisha. Unawalaumuje majike watatu na dume wako hujampima? Dume anapimwa dakika kumi, wala haumii. Mtu mwenye akili anaanza na dume."

 Kicheko kilinipanda hadi puani, na nyuma yake yalikuja machozi, nikashika nguzo kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuwa anamtazama mwanawe kutoka viatuni hadi kichwani, taratibu, kama anakagua kitambaa kilichochuja. Kisha akanitazama mimi. Nilimwona akihesabu miaka, na kwa mara ya kwanza tangu anijue, macho yake ndiyo yaliyoinama.

Mbwa hatukumnunua. Tulipofika njia panda, mama mkwe, aliyekaa mbele kama kawaida yake, akasema, "Usiende nyumbani. Nenda hospitali."

"Nani anaumwa, mama?"

"Hakuna anayeumwa. Dakika kumi, umesema mwenyewe."

Mume wangu akanitafuta kwenye kioo, akisubiri nimtetee. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemtetea mwanamume yule, kwa dada zake, kwa majirani, kwa mama huyohuyo, nikiubeba ubovu wote mimi ili yeye abaki mzima. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka.

"Washa indiketa, mume wangu," nikamwambia. "Kuna gari nyuma."