Waliobeba Treni

Rogers alinitia kinyaa tangu siku ya kwanza, alipoingia karakana yangu ya Yombo ameziba pua, eti vumbi. Anatoka ofisi moja ya usafirishaji kule Kawe. Walitaka kinyago cha kuweka ukumbini: "Reli na Ustawi wa Nchi". Nikasema sawa.

Nilichonga kwa mtindo wetu Wamakonde wa ujamaa, watu juu ya watu katika gogo moja la mpingo. Juu kabisa treni na mabehewa ya mkonge na pamba, ikiteremka bandarini. Katikati, askari wa Mjerumani na magunia yao ya unga, maana Vita Kuu ya Kwanza ililishwa kwa reli. Chini, wapagazi. Reli ilipoishia, shingo za watu zilianza, na kwetu kusini reli haikuwapo kabisa. Baadaye Mwingereza akatujengea ya kusafirishia karanga za mashamba yake. Karanga zikagoma kuota, reli wakaing'oa.

Shingo mojawapo ilikuwa ya Chitanda, babu yake mama yangu. Askari hao walimchukua Newala, wakamtwisha risasi, akafia njiani, wenzake wakaamriwa wamruke waendelee. Hana kaburi. Nilimchonga na chale za ukoo wetu mashavuni, nikamwahidi mama kwamba babu yake atasimama mahali pa heshima.

Rogers alikuja kuikagua kazi.

"Braza, kazi kali. Ishu ni hawa wa chini, wanatia huzuni. Sie tunasherehekea maendeleo. Wakate."

"Ni gogo moja. Hao ndio wameibeba treni."

"Treni tutaisimamisha kwenye zege. Usipokata, haiingii ukumbini."

Nilikata. Nilijidanganya kwamba bora babu asionekane kuliko kazi nzima isionekane, uongo wa mtu anayetaka sifa. Msumeno ulifanya kazi nusu siku. Unga mweusi ulinijaa puani na mdomoni, nikawa natema mate kila dakika. Rogers akapakia vipande vyote viwili, eti ni mali ya ofisi. Mama sikumwambia kitu.

Siku ya uzinduzi mama akavaa kitenge kipya. Vijana wa mapokezi wakamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akicheka, na mimi nyuma yake natafuta uongo wa kumpa.

Mlango wa ukumbi ulikuwa mzito, wa kujifunga wenyewe. Mtu alikuwa ameuzuia kwa kipande cha mpingo kilicholazwa sakafuni, na wageni walikisukuma kwa viatu wakipita. Mama akasimama. Akainama, akapapasa zile chale.

"Gervas, nani kamlaza babu hapa?"

Ndani, Rogers alikuwa kwenye kipaza sauti, akieleza jinsi reli ilivyoinua maisha ya kila Mtanzania. Watu wakapiga makofi.

"Kamlaza nani?" mama akarudia.

"Kamlaza Rogers. Ila aliyemkata ni mie, mama."

Hakunitukana. Alinitazama kwa kinyaa kilekile nilichokuwa namwekea Rogers, kisha akavua mtandio wake, akamfunika babu uso, akamfunga vizuri kama maiti. Alipomvuta pembeni, mlango ukajibamiza, na hotuba ikabaki huko ndani.

Mama akaufungua upande wa juu wa kitenge chake, akausokota kata ya kubebea mzigo, akaniwekea kichwani.

"Beba," akasema. "Tunampeleka Newala."