Tumbo la Kimutai

Saa moja asubuhi benchi la hospitali lilikuwa limejaa, na Kimutai alikuwa ameshasimama mara tatu na kuketi mara tatu. Akiketi, utumbo unanguruma chini ya koti. Akisimama, askari wa mlangoni anamwambia arudi kwenye foleni. Alikuwa amedandia lori la krimu kutoka Subukia alfajiri, mkono mmoja umeshika ubao wa lori, mwingine umeshika tumbo. Nyapara wa shamba la mzungu, alikokuwa akikamua ng'ombe, alikuwa amempa siku moja tu.

Kilichomleta Nakuru kilikuwa swali moja. Miezi mitano nyuma utumbo ulijisokota, tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma, akaletwa hapa hapa akapasuliwa kwa haraka. Alipozinduka, ubavuni kushoto palikuwa na tundu, na utumbo umechungulia nje kama mdomo mwekundu, unatoa choo wakati unaotaka wenyewe. Hakuna aliyemwambia wamekata nini, wala kama tundu lile ni la miezi au la maisha. Walimpa pamba, bendeji mbili na karatasi ya Kizungu, wakamwambia aende.

Pamba iliisha siku ya nne. Memsabu, mke wa mwenye shamba, akamtoa kwenye zizi la kukamulia, akisema harufu itaingia kwenye maziwa, akapelekwa kung'oa magugu na watoto. Ndipo Kimutai alipokata kitako cha kibuyu kidogo, akakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama wanawake wa kwao wanavyosugua vibuyu vya maziwa, akakifunga juu ya tundu kwa ukanda wa mpira wa tairi. Mkaa ukameza harufu. Kazi hiyo alikuwa akiijua mkewe, Chelangat, naye alikufa katika uzazi mwaka juzi, gari la bwana likiwa limekwenda mjini kuchukua barafu ya karamu.

Pale benchini mama mmoja mwenye jipu kwenye goti, Wanjugu jina lake, alikuwa akinusanusa.

"Mzee, huo moshi ndani ya koti ni wa jiko gani?"

"La kwangu."

"Na umeliweka wapi?"

Kimutai akajigonga tumboni. Kibuyu kikalia ko. Wanjugu akacheka mpaka akalishika goti lake bovu, na alipokwisha kuelezwa hakusogea mbali kama wengine walivyofanya. Alisema tu kwamba wakubwa wa nchi hii wanajua kufungua, kufunga hawajui.

Saa tano jina likaitwa. Daktari alikuwa mzungu mwingine, kijana, shingo imeungua jua. Yule aliyempasua alikuwa ameshahamishwa. Dresa Odero, msaidizi wa kufunga vidonda, akasimama katikati kutafsiri. Kimutai alikuwa amelipanga swali lake njia nzima, akalitoa lote: wamekata nini, kiasi gani, na je, atashonwa? Odero akaligeuza kwa Kizungu, likatoka fupi kama kikohozi.

Daktari alikuwa ameshakiona kibuyu. Akakifungua, akakinusa, akapitisha kidole kwenye mkaa. Akaita wenzake wawili, nao wakainama. Akachukua kalamu, akakichora, na ukanda wa mpira akauchora. Kwa dakika kumi Kimutai alisimama na suruali mkononi, utumbo wake nje mbele ya watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.

"Daktari anasema umefanya kazi safi," Odero alisema. "Anasema ngozi yako haijachubuka. Anataka kujua ni mti gani."

"Mwambie nitamwambia mti akiniambia tumbo."

Odero akasita. Halafu, labda kwa sababu na yeye alikuwa na tumbo, akaisema yote. Daktari akawa mwekundu kupita shingo yake. Akasema kitu kwa sauti ya chini, na Odero akaleta maneno polepole: utumbo uliooza ulikatwa, urefu wa mkono hadi kiwiko. Uliobaki ni mzima. Tundu lilikuwa la miezi mitatu tu. Alipaswa kuwa ameshashonwa.

"Sasa kwa nini sikushonwa?"

Hilo daktari hakulijua. Alimpeleka kwa karani.

Karani Naftaly alikuwa nyuma ya dirisha dogo, tai imemkaba. Alipekua faili, akasoma kwa midomo. Karatasi aliyopewa Kimutai siku ya kutoka ilikuwa ya tarehe ya kurudi, Januari. Kimutai akaikumbuka vizuri. Aliipeleka mwenyewe ofisini shambani, kwa mikono miwili, kwa maana kila karatasi ya mfanyakazi hukaa kwenye sanduku la bati pamoja na kandarasi yake, na karani wa kule akaipokea, akaifungia. Kimutai alidhani ni cheti cha ugonjwa. Hakuuliza, na hakuna aliyemsomea.

"Hospitali iliandika barua pia," Naftaly alisema. "Bwana wako akajibu. Anasema shamba lina kazi, utakuja kazi ikipungua. Basi faili ikafungwa."

Kimutai akalishika dirisha. Miezi miwili ya ziada amekuwa akiamka akikuna mkaa, na jibu limelala ndani ya bati, hatua mia kutoka kitandani mwake.

"Nishonwe leo."

"Leo hapana. Fomu kwanza." Naftaly akaisukuma pamoja na kidau cha wino cha dole gumba la mgonjwa. Kidole chake kikaonyesha mstari wa chini. "Peleka shambani, bwana atie sahihi hapa, urudi. Mtu wa kandarasi halazwi bila ruhusa ya mwajiri, isipokuwa anakufa."

"Nilipokuwa nakufa hamkumuuliza."

"Wakati ule ulikuwa unakufa."

Kimutai akaitazama ile fomu. Herufi hakuzijua, lakini mstari aliuona, mweupe, unangojea. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza pale pale.

Naftaly akaruka. "Mzee, hapo ni pa bwana."

"Tumbo ni la nani?"

"Umeharibu fomu ya serikali."

"Tumbo, karani. Nakuuliza ni la nani."

 Alama ilikuwa kubwa, imefunika mstari wote na kumwagika juu ya neno lililochapwa chini yake. Naftaly akaishika fomu kwa ncha mbili kama mtu anayetaka kuichana. Nyuma ya Kimutai watu wa benchi walikuwa wameinuka kutazama. Wanjugu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja aone vizuri. Naftaly akaiweka chini, akaandika kitu pembeni kwa penseli nyekundu.

"Nimeandika kwamba daktari aamue. Anaweza kukataa."

"Akikataa, aje aniambie yeye."

"Rudi shambani. Utaitwa kwa barua."

"Barua zangu zinakaa kwa bati," Kimutai alisema.

Saa saba karani akateremsha kibao cha dirisha kwenda kula. Kimutai akaliburuta benchi mpaka ukutani, Wanjugu akisukuma upande wa pili, akaketi mahali ambapo kibao kikiinuliwa, uso wa kwanza utakaoonekana utakuwa wake.